Sita bila ya Julai 1977: kisa cha Yanga iliyogawanyika

Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan, tuliyemwita Masimenti, alifunga dakika ya 60 na ya 73. Bao la pili, la dakika ya 20, Yanga tulijifunga wenyewe. Watani hawa wamekutana mara nyingi sana kabla na baada ya siku ile, lakini kipigo kikubwa kuliko vyote ni hicho, na mabao matatu ya Kibadeni yakawa kipimo cha kila mshambuliaji aliyevaa jezi ya Msimbazi, yaani Simba, au ya Jangwani, yaani Yanga, baada yake.

Mimi ni Yanga, na mwaka ule nilikuwa mwanafunzi hapa Dar es Salaam. Kwa miaka yote hii nimekisikia kisa kile kikisimuliwa kwa namna mbili tu. Watu wa Simba wanakianzia dakika ya 10 na kukimalizia dakika ya 89. Watu wetu wanakiruka, na ukimbana mmoja anakukimbiza mpaka Juni 1968, tulipowafunga wao 5-0 wakati bado wanaitwa Sunderland. Namna zote mbili zinaacha nje sehemu ninayoiona kuwa ndiyo kisa chenyewe. Mechi ile ilianza kupotea mapema, katika ugomvi wa ndani ya Yanga uliozaa klabu ya Pan African mwaka 1976, na gharama yake iliwaangukia zaidi mashabiki waliobaki.

Shabiki wa wakati ule

Anayetaka kuelewa uzito wa kisa hiki inabidi kwanza ajue shabiki wa miaka ya sabini aliishi vipi. Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu katikati ya muongo ule, lakini sisi huku tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na magazeti. Kuuona mpira ni kwenda uwanjani. Asiyeweza kwenda alitafuta nyumba yenye redio, mara nyingi ile ya National, na kama betri zimechoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili jioni zipate nguvu za kufika kipenga cha mwisho. Watu walijaa barazani, wengine wamekaa chini, wengine wamesimama dirishani, na mtangazaji akipandisha sauti kila mtu alinyamaza kwa pamoja, hata watoto.

Jezi za kuuzia mashabiki hazikuwepo kama sasa. Mtu ulimjua ni Yanga kwa kijiwe anachonywea kahawa, kwa upande anaokaa uwanjani, na kama amejiweza, kwa kadi ya uanachama. Kadi ile ilikuwa kitu kizito. Ilimpa mtu haki ya kuingia klabuni Jangwani, kukaa mkutanoni, kunyoosha mkono na kusema.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa leo hulisahau. Mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliyekutoa machozi Jumamosi, Jumatatu ulimkuta kazini kwake kwenye shirika la umma, au umesimama naye kituoni mnasubiri basi la UDA. Alikaa mtaa wa pili, watoto wake wakisoma na wadogo zako. Kwa hiyo mchezaji akihama klabu, hakwenda mbali. Aliendelea kukupita asubuhi na kukuamkia, na wewe ulipaswa kuitikia.

Timu iliyokuwepo kabla

Yanga ya mwanzo wa muongo ule ilikuwa imezoea kushinda. Ilichukua ubingwa wa nchi mfululizo kuanzia 1968 mpaka 1972. Simba wakauchukua 1973, na mwaka uliofuata ukaamuliwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, tarehe 10 Agosti 1974. Ile nayo ingefaa kuandikiwa kisa chake. Adam Sabu aliwatanguliza Simba dakika ya 16, na bao likakaa pale mpaka watu wakaanza kukata tamaa. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Muda ukaongezwa, na dakika ya 97 Sunday Manara, tuliyemwita Kompyuta, akafunga la pili. Sisi tuliokuwa Dar tuliipata yote redioni. Baba yangu, mtu mpole ambaye hata kuku hamfukuzi, alitoka nje akaenda mpaka barabarani na kurudi, hakusema kitu, akakaa tena.

Mwaka 1975 tukawafunga tena Simba 2-0 kule Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Katika klabu bingwa ya Afrika mwaka huohuo tulikutana na Enugu Rangers ya Nigeria, miongoni mwa timu kubwa za bara hili wakati ule. Kwao tulitoka 0-0. Hapa nyumbani tukatoka 1-1, wao wakapita kwa bao la ugenini.

Hapo ndipo ninapoanzia kisa. Timu iliyotolewa bila kufungwa ni timu nzuri iliyokosa bahati kidogo tu. Ilihitaji kuachwa itulie. Badala yake, vurugu zilizokuwa zikifukuta ndani ya klabu zikapata kuni. Ubingwa wa nchi wa 1975 ulikwenda Morogoro kwa Mseto, mara ya kwanza ligi yetu kutoka nje ya Dar es Salaam, na katika vijiwe vya Yanga watu hawakuzungumza tena mpira, walizungumza nani yuko upande gani.

Kandambili na Raizoni

Kambi zilipewa majina ya viatu. Walikuwepo Kandambili na walikuwepo Raizoni, na aliyeishi miaka ile anakumbuka raizoni ni vile viatu vya soli nene ambavyo vijana wa mjini walitamba navyo pamoja na suruali pana. Majina yenyewe yanakuonyesha ugomvi ulivyokuwa: wa rika, wa hali ya maisha, wa nani mwenye klabu. Wazee walioijenga na kuichangia kwa shilingi zao walihisi wananyang'anywa. Vijana, wengi wao wenye elimu na kazi za ofisini, walihisi wamefungiwa mlango. Wachezaji walijikuta katikati, na mchezaji akijikuta katikati ya wanachama wanaogombana hana mahali pa kukimbilia zaidi ya nje.

Wakatoka. Mwaka 1976 Pan African ikazaliwa, na haikuzaliwa changa. Ilipokea watu waliokuwa mhimili wa Yanga: Kitwana Manara, Gibson Sembuli, kijana Leodegar Tenga, na wengine. Sunday Manara naye muda si mrefu akaenda Uholanzi kuchezea Heracles. Huwezi kuitoa safu ya namna hiyo kwa msimu mmoja ukabaki na timu ileile, hata jengo likiwa palepale na rangi zikiwa zilezile.

Kwa mashabiki swali lilikuja moja kwa moja hadi mlangoni: tuwafuate wachezaji au tubaki na klabu? Nyumbani kwetu lilijibiwa mara mbili. Baba alibaki. Baba mdogo, aliyekuwa akija kwetu kila mwisho wa juma na ambaye ndiye aliyenifundisha majina ya wachezaji wote, akaenda Pan. Nakumbuka walivyozungumza sebuleni, bila kupandisha sauti.

"Kaka, mimi nilimpenda Sembuli na wenzake. Walipo wao ndipo ilipo timu yangu. Sikupenda matofali."

"Sembuli atazeeka, mdogo wangu, kama tutakavyozeeka sisi. Ile nyumba ya Jangwani nimeichangia mimi. Nikiondoka namwachia nani?"

Hawakukubaliana, na chakula kilipoletwa walinawa wakala sahani moja. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba mdogo kama msaliti. Kwa miaka mingi sasa naona wote wawili walikuwa wakweli, kila mmoja kwa kitu alichokipenda. Mtu anayesema shabiki wa kweli hamfuati mchezaji hakuwahi kuishi mtaa mmoja na mchezaji. Na anayesema klabu ni wachezaji tu, huyo hakuwahi kukatwa mshahara wake ili paa liezekwe.

Siku yenyewe

Baba alinichukua tukaenda Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa sasa Uwanja wa Uhuru. Tuliingia mapema, tukakaa upande wetu. Tofauti niliiona kabla mpira haujaanza. Miaka ya nyuma upande wetu uliimba wote kwa sauti moja. Siku ile nyimbo zilianzia hapa na pale, zikafa kabla hazijawafikia watu wa mbele. Walikuwepo wenzetu wa zamani ambao sasa ni wa Pan, wamekuja kwa mazoea, wamekaa walipozoea kukaa. Hawakutuzomea. Walikaa tu, hawashangilii wala hawasikitiki, na kukaa na mtu wa namna hiyo bega kwa bega kulituchosha kuliko kelele za Simba zilizotoka ng'ambo.

Kibadeni alikuwa mfupi, na ndiyo maana mabeki wengi waliosimama mbele yake walijidanganya. Alikuwa na akili ya kusubiri. Anatembea, unamsahau, kisha yuko mahali mpira unapoangukia. Dakika ya 10 tayari alikuwa amefunga. Dakika ya 20 tukajifunga. Hapo hali bado ilikuwa ya kawaida kwa mechi ya watani. Mbili zinarudi, tulishawahi kusubiri mpaka dakika ya 87 kule Mwanza. Lakini la tatu lilikuja dakika ya 42, na bao la kabla tu ya mapumziko huingia mpaka vyumbani pamoja na wachezaji.

Nimefikiria sana juu ya mapumziko yale. Timu iliyofungwa tatu inahitaji watu wawili au watatu wenye heshima kwa wenzao, wa kusema tulieni, turudi nyuma, tusifungwe zaidi, heshima kwanza. Watu wa namna hiyo hawanunuliwi wala hawateuliwi. Wanapatikana kwa kuvuja jasho pamoja miaka kadhaa. Wa kwetu walikuwa Pan. Vijana waliovaa jezi yetu siku ile siwalaumu hata kidogo. Walibeba mzigo ambao waliougombania walikuwa wamekaa jukwaani kama sisi.

Masimenti akafunga dakika ya 60, akarudia dakika ya 73. Watu wetu wengi walianza kuondoka baada ya la tano. Baba hakuinuka. Getini alikuwa amenunua karanga, zimefungwa kwenye koni ya gazeti, na mpaka dakika ile hakuwa ameifungua. Aliishika kwa nguvu hadi wino wa gazeti ukamwachia weusi vidoleni. Nilimwomba twende. Akaniambia, "Tumekuja na timu, mwanangu, tutaondoka na timu." Kibadeni akafunga la sita dakika moja kabla ya muda kwisha, na tuliliona.

Jioni na baada yake

Njia ya kurudi ilipita katikati ya watu wa Simba. Ngoma, matarumbeta, vidole sita hewani. Wengine walikuwa majirani zetu wa karibu, na jirani hakukosi: alikushika mkono, akakuuliza habari za nyumbani, kisha akakuonyesha vidole. Walikuwa wamesubiri miaka tisa kuilipa ile tano ya 1968, na sasa wameilipa na kuzidisha. Walistahili furaha ile.

Baba mdogo alikuja usiku. Tulidhani amekuja kusema "niliwaambia." Alivua viatu, akakaa karibu na kaka yake, akasema, "Pole, kaka."

Baba akamjibu, "Pole na wewe."

Alikuwa ameumia. Kwangu mimi ushahidi mkubwa katika kisa hiki ni huo, kwa sababu unaonyesha kuwa wale waliohama hawakuhama na moyo wote. Sehemu yao ilibaki Jangwani, na ile sita iliwapata pia, ila wao hawakuwa na mahali pa kulilia. Waliobaki tulikuwa na klabu ya kwenda kesho yake, tukakae, tulaumiane. Mtu wa Pan angeenda wapi?

Je, ni mgogoro peke yake?

Hapana, na hapa lazima niwape Simba haki yao. Simba ile haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya klabu bingwa ya Afrika, ikamfunga Mehalla wa Misri 1-0 hapa Dar, ikafungwa 1-0 kwao na kutolewa kwa penalti. Kuanzia 1976 ilichukua ubingwa wa nchi miaka mitano mfululizo, mpaka 1980, kama sisi tulivyofanya kabla yao. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers wa Zambia, kila mtu akaizika, kisha ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mimi ni Yanga na nilishangilia ile redioni, kama alivyoshangilia kila Mtanzania, nchi ikiwa vitani na majeshi ya Amin na watu wana kiu ya habari njema. Kusema Simba ilitufunga 1977 kwa sababu sisi tulikuwa wabovu tu ni kumkosea Kibadeni na wenzake.

Na mgogoro wenyewe haukuleta hasara tupu. Pan African iliwapa wachezaji wale mahali pa kukua bila kelele za Jangwani. Agosti 1979 Taifa Stars ilipotoka sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola, kwa bao la Peter Tino, na kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, zile za Nigeria 1980, ndani ya timu ile walikuwemo akina Tenga, Jella Mtagwa na Juma Pondamali, wa Pan. Kwa mtazamo wa nchi, mti uliopasuka ulitoa machipukizi. Baba mdogo alipenda kulisema hilo, na alikuwa na haki ya kulisema.

Yanga ilirudi kuwa bingwa 1981. Mwaka uliofuata bingwa akawa Pan African. Mwaka ule wa pili baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kwa mdogo wake kumpongeza, na mimi nikafuatana naye.

Nikilazimishwa kuyagawa mabao yale sita, ninayagawa hivi. Matatu ya Kibadeni namwachia mwenyewe, kwa kuwa mtu wa kiwango kile angefunga dhidi ya Yanga yoyote, hata ile ya Nyamagana, ingawa labda si yote matatu. Lile la kujifunga ni la mpira, linampata kila mtu. Yale mawili ya Masimenti, ya dakika ya 60 na ya 73, nayaandika kwenye daftari la mgogoro. Hayo yalifungwa wakati ambao timu yenye wakubwa wake ingekuwa imeshajifungia nyuma na kuondoka na nne, na mbele ya Simba ya mwaka ule, nne zingevumilika.